Alama ya Biashara: Kujisajilia Mwenyewe au Kumwita Wakili?

Chukua kanga kuukuu kutoka sandukuni mwa bibi, uitandaze mezani, kisha usome maandishi yake. Kwanza utaliona jina la kanga, yaani ule usemi uliochapwa kwa herufi kubwa upande wa chini wa mji. Usemi huo ni mali ya kila mtu. Waweza kutumwa kwa mke mwenza, kwa jirani au kwa mume aliyechelewa kurudi nyumbani. Lakini ukisogeza macho hadi pembeni mwa kitambaa, katika kanga nyingi zilizotoka Mombasa utakuta maandishi mengine madogo, ambayo aghalabu hakuna anayeyasoma: "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887. Usemi mkubwa humwambia jirani jambo. Maandishi madogo humwambia mnunuzi jambo moja tu, kwamba kitambaa hiki kimetoka kwa fulani wala si kwa mwingine.

Maandishi hayo madogo ndiyo shabaha ya makala haya. Msomaji anaweza kushangaa kwa nini mwalimu wa kemia aandike habari za usajili na mawakili. Sababu ni kwamba wanafunzi wetu hawaishii maabara. Mmoja hutengeneza sabuni ya mwarobaini, mwingine husindika pilipili, wa tatu hukamua mafuta ya alizeti. Na siku bidhaa inapoanza kununuliwa, hapo ndipo anapotokea mtu wa pili mwenye chupa inayofanana na ya kwanza. Utaalamu wa kuchanganya magadi na mafuta haumsaidii mtu siku hiyo. Kinachomsaidia ni alama iliyoandikwa katika daftari la Msajili. Na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine ni hili: je, nijaze fomu mwenyewe, au nimlipe wakili?

Kisa cha asali

Miaka michache iliyopita alinijia binti mmoja niliyemfundisha kemia ya vyakula. Alikuwa ameungana na wafugaji nyuki wa kwao Tabora, wakachuja asali ya miombo kwa uangalifu, wakapima unyevu wake kwa kifaa, wakaijaza katika chupa za kioo na kubandika lebo yenye maneno "Asali Bora ya Tabora".

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akanikabidhi bahasha. "Nimekataliwa, na sijui kosa langu ni nini."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuisome pamoja."

Barua ile ilikuwa fupi na ya adabu. Ilieleza kwamba maneno aliyoyaomba hayawezi kumtofautisha yeye na wauzaji wengine wa bidhaa ya namna hiyo. Binti yule alistaajabu, kwa maana mezani kwake alikuwa na cheti halali cha serikali chenye maneno yaleyale. Nilipokitazama cheti nikaelewa. Kilikuwa cheti cha jina la biashara.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana kosa hili limewaumiza wengi. Kusajili jina la biashara ni kuijulisha serikali kwamba mtu fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Kusajili kampuni ni kuunda mtu wa kisheria. Kusajili alama ya biashara ni kupata haki ya peke yako ya kuitumia alama hiyo juu ya bidhaa au huduma zilizotajwa, na uwezo wa kumzuia mwingine asiitumie. Huku Tanzania Bara shughuli hizo tatu zinasimamiwa na ofisi moja, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ambao watu wote huuita BRELA, lakini kila moja ina sheria yake na daftari lake. Alama zinaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Mtu anaweza kuwa na vyeti viwili vya kwanza akabaki bila ulinzi wowote dukani. Hataza ni jambo jingine kabisa, kwani hulinda uvumbuzi, na hakimiliki hulinda kazi ya sanaa au maandishi. Alama hailindi asali wala namna ya kuichuja; hulinda kiungo kilichomo akilini mwa mnunuzi, baina ya ishara anayoiona na mtu aliyeitengeneza bidhaa.

Kwa nini jina zuri ni jina baya

Mfanyabiashara mpya hupenda jina linaloeleza. Anataka mpita njia asome na kufahamu mara moja kilichomo chupani. Sheria hutaka kinyume chake. Neno "asali" ni jina la kitu chenyewe. "Bora" ni sifa ambayo kila muuzaji hujipa. "Tabora" ni mahali, na mfugaji nyuki yeyote wa Tabora ana haki ya kusema asali yake imetoka huko. Ukimpa mtu mmoja maneno hayo matatu kuwa yake peke yake, umewanyang'anya majirani zake lugha.

Mwaka 1976 mahakama moja ya rufani ya Marekani, katika shauri la kampuni ya Abercrombie & Fitch, iliyapanga majina katika ngazi ambazo walimu wa sheria wanazitumia hadi leo. Chini kabisa ni jina la jumla la kitu, ambalo halisajiliwi kamwe. Juu yake ni jina la kueleza, ambalo hukataliwa isipokuwa limetumika muda mrefu hata umma ukalifahamu kuwa la mtu mmoja. Kisha huja jina la kudokeza, linalomtaka mnunuzi afikiri kidogo. Juu zaidi ni neno la kawaida lililopachikwa kwenye kitu kisichohusiana nalo, kama tofaa la Apple kwenye kompyuta. Kileleni ni neno la kubuni lisilokuwamo katika lugha yoyote: George Eastman alibuni neno "Kodak" na kulisajili mwaka 1888, na halikuwa na maana yoyote mpaka yeye alipolipa maana.

Michoro nayo ina ngazi zake. Alama ya kwanza kusajiliwa Uingereza ni pembetatu nyekundu tupu ya kampuni ya bia ya Bass, iliyoandikwa kwa nambari 1 tarehe 1 Januari 1876, mara tu sheria yao ya mwaka 1875 ilipoanza kazi. Inasimuliwa kwamba mtumishi wa kampuni alikesha mlangoni ili awe wa kwanza. Nilipokuwa masomoni Uingereza niliiona pembetatu hiyo mahali nisipoitarajia, katika jumba la sanaa la Courtauld, London, kwenye mchoro mashuhuri wa Manet wa mwaka 1882 unaoonyesha baa ya Paris. Baadhi ya chupa zilizo mbele ya mhudumu zina pembetatu nyekundu. Mchoraji hakuandika neno lolote la bia, na hakukuwa na haja.

Mwenye jina la kubuni naye ana hatari yake, na hapa kemia inarudi uwanjani. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani, alitengeneza asidi asetilisalisili iliyo safi. Mwaka 1899 kampuni ikaisajili dawa hiyo kwa neno la kubuni, "Aspirin". Jina lilipendwa kupita kiasi. Nani angeweza kwenda dukani akaomba asidi asetilisalisili? Umma haukuwa na jina jingine la kuliita kidonge kile, na mwaka 1921 jaji Learned Hand wa New York aliamua kwamba kwa wanunuzi wa kawaida wa Marekani neno "aspirini" lilikuwa limekwisha kuwa jina la dawa, si la kampuni. Haki ikapotea huko. Katika Ujerumani na Kanada, neno hilohilo limebaki kuwa alama ya Bayer. Alama ni haki ya nchi baada ya nchi, jambo ambalo nitalirudia.

Sisi wenyewe tunafanya kazi hiyo ya kulegeza alama kila siku bila kujua. Mtu humtuma mtoto "Omo" naye akaleta sabuni ya unga ya kampuni nyingine, wala hagombezwi. Nepi yoyote ya karatasi ni "pampasi", na dawa yoyote ya viatu ni "Kiwi". Alama hizo zingali hai katika madaftari, lakini mwalimu wa Kiswahili anaweza kuonyesha jinsi nomino ya pekee inavyogeuka nomino ya kawaida mbele ya macho yetu, na kupewa hata ngeli.

Binti wa asali alirudi Tabora na swali la jina. Baada ya majuma mawili kikundi kikatunga neno jipya kwa kuunganisha silabi za majina ya vijiji viwili. Neno lenyewe sitalitaja hapa, maana lina mwenyewe. Lilikuwa fupi, lilitamkika, wala halikuwamo katika kamusi yoyote niliyoifungua.

Sikio la Msajili

Kabla ya kulipa ada yoyote, mwombaji hana budi kuchunguza kama alama yake, au inayofanana nayo, imekwisha kuandikwa. Maneno "inayofanana nayo" yana uzito mkubwa. Anayejisajilia mwenyewe huandika jina lake kama lilivyo, herufi kwa herufi, akaona halipo, akafurahi. Msajili hatazami herufi peke yake. Hulinganisha sura, sauti na maana, na hujiuliza mnunuzi wa kawaida, mwenye haraka na kumbukumbu isiyo kamili, angechanganyikiwa au la. Hazilinganishi alama mbili zikiwa kando kwa kando mezani, kwa sababu dukani hakuna anayenunua hivyo. Mtu aliiona moja mwezi uliopita, leo anaiona nyingine.

Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili lina utamu wa kifonetiki. Katika lugha nyingi za Kibantu za kwetu sauti l na r si sauti mbili zinazotenganisha maana, na msemaji wake hubadilishana hizo mbili bila kukusudia. Kwa hiyo anayechunguza jina lenye r yampasa alitafute na lenye l. Vivyo hivyo sh na s, na vivyo hivyo k iliyovaa mavazi ya kigeni ya c na q. Maana nayo huvuka mipaka ya lugha: anayetaka kusajili simba juu ya kiberiti asishangae akipingwa na mwenye neno la Kiingereza lenye maana ya simba juu ya kiberiti. Mawakili waliobobea huujua mchezo huu kwa mazoea. Lakini hakuna siri ndani yake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa isimu kidogo anaweza kuandika tahajia kumi na mbili za jina moja kwa nusu saa, na kuzichunguza zote. Sisi tulifanya hivyo. Tahajia ya saba ilitupa jina la kampuni moja inayotengeneza sharubati. Tulilijadili, tukaona halifanani vya kutosha, tukaendelea. Hapo ndipo tulipokosea.

Mzinga mmoja, madaraja mengi

Bidhaa na huduma zote za dunia zimegawanywa katika madaraja 45 kwa mujibu wa Mapatano ya Nice ya mwaka 1957: madaraja 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Nchi zetu zinautumia mgawanyo huo. Mwombaji hutaja daraja lake na orodha ya bidhaa, na ulinzi wake hufuata orodha hiyo.

Mtu akiangalia mzinga mmoja wa nyuki atafahamu ugumu wake. Asali ya kula imo katika daraja la 30, pamoja na sukari, chai na unga. Sabuni iliyotiwa asali imo katika daraja la 3. Mishumaa ya nta ni daraja la 4. Kinywaji kikali cha asali iliyochachuka ni daraja la 33. Na nyuki wenyewe, wakiwa hai, ni daraja la 31, pamoja na mifugo na mbegu. Anayetaja machache mno huacha mlango wazi. Anayetaja mengi mno hulipa ada nyingi na kujitafutia maadui wasiokuwa na haja ya kumjua. Binti wa asali aliandika: "asali, sukari, sharubati na vitu vyote vitamu". Aliona maneno hayo kuwa ngome pana. Hatukumkataza, wala mimi sikujua wakati ule kwamba neno moja katika orodha ile lingetugharimu.

Ombi lenyewe halikumshinda. Huku Bara hufanywa kwa mtandao: mtu hufungua akaunti kwa nambari yake ya kitambulisho cha taifa, hujaza maelezo, huambatisha picha ya alama na kulipa ada kwa kumbukumbu namba anayopewa. Ada ya serikali ni ileile, uwe na wakili au usiwe naye. Anachoongeza wakili ni ujira wake mwenyewe. Mtu wa nchini hashurutishwi kumtumia wakili. Si kila nchi ina ukarimu huo kwa wageni: tangu Agosti 2019 Marekani inamtaka mwombaji asiyekaa nchini humo atumie wakili mwenye leseni ya huko.

Siku sitini

Ombi likikubaliwa hutangazwa katika jarida rasmi, na kuanzia hapo umma hupewa siku 60 za kuleta pingamizi. Muda huo ni sawa Tanzania Bara na Kenya. Wengi hudhani kwamba kutangazwa ni kushinda. Kumbe hapo ndipo mlango unafunguliwa kwa watu wote.

Thamani ya mlango huo waliiona wafumaji na wauzaji wa vikoi wa Kenya. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kusajili neno "Kikoy". Kama ombi lile lingepita, mkenya mwenye kikoi halisi angeweza kuzuiwa kukiuza Uingereza kwa jina la asili yake. Shirika la biashara ya haki la Traidcraft liliwasaidia wazalishaji, mawakili wakajitolea bila malipo, pingamizi likawekwa, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Nadhani bila mawakili wale mambo yangekwenda vingine, kwani wafumaji wangejuaje kwamba siku zinahesabiwa Uingereza?

"Hakuna Matata" ilikuwa na mwisho tofauti. Kampuni ya Disney iliomba kuyasajili maneno hayo Marekani mwaka 1994, mwaka wa filamu yake ya simba, na usajili ukapatikana mwaka 2003 kwa mavazi. Wasemaji wengi wa Kiswahili waligutuka mwaka 2018 tu, wakati mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alipoanzisha waraka wa malalamiko uliotiwa saini na zaidi ya watu laki moja. Nawasihi walimu wasiwaache wanafunzi waamini kwamba tulikatazwa kusema. Usajili ule haukugusa ulimi wa mtu. Ulihusu fulana katika soko la Marekani. Lakini hasira ilikuwa na msingi wake, na ilikuja miaka mingi baada ya siku za kupinga kwisha.

Turudi kwa asali. Katika juma la mwisho la siku 60 ilikuja taarifa ya pingamizi kutoka kwa kampuni ile ya sharubati, ile ya tahajia ya saba. Binti aliisoma usiku, akalia, kisha akaandika majibu kwa mkono wake: kurasa nne juu ya wazee wa kijiji, ukame, mizinga ya magome na haki ya wanyonge. Nimezisoma kurasa hizo, na nathubutu kusema ni maandishi mazuri kuliko tasnifu kadhaa nilizozisahihisha. Kisheria hazikuwa kitu. Anayepingwa hutakiwa kuleta maelezo ya kujibu kwa utaratibu uliowekwa na ndani ya muda uliowekwa, akijibu hoja moja moja. Asipofanya hivyo ombi lake huhesabiwa kuwa limeachwa. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nilimpeleka kwa wakili, mama wa makamo mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Alisoma pingamizi, akaifunua orodha ya bidhaa, akaliwekea kidole neno moja.

"Binti yangu, mnauza sharubati?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini mmeiandika?"

Aliandika maelezo ya kujibu kwa siku mbili, kisha akampigia simu mwenzake wa upande wa pili. Sukari, sharubati na "vitu vyote vitamu" vikafutwa, ikabaki asali. Kampuni ikaondoa pingamizi lake. Ujira wake ulikuwa sawa na bei ya ndoo kumi na mbili za asali, nyingi kuliko ada zote za serikali zilizotangulia. Kikundi kilinung'unika, kikalipa.

Je, wakili ndiye sababu?

Kisa kimoja si ushahidi. Yafaa tutafute idadi kubwa. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Deborah Gerhardt na Jon McClanahan, walichapa uchunguzi wa mamilioni ya maombi ya Marekani. Waligundua kwamba kati ya maombi yaliyosimamiwa na mawakili, asilimia 82 yalifika hatua ya kutangazwa. Kati ya yale ya watu waliojiombea wenyewe, asilimia 60.

Tofauti hiyo ya asilimia 22 inaonekana kumaliza mjadala. Lakini mwalimu wa hisabati na awaulize wanafunzi wake: je, mawakili ndio walioleta tofauti, au wateja wa mawakili walikuwa tofauti tangu mwanzo? Kampuni tajiri huajiri wakili, na kampuni hiyohiyo huwa na watu wa kubuni majina mazuri. Mawakili pia huwashauri wateja wasiombe majina dhaifu, kwa hiyo maombi mabaya hufa ofisini mwao kabla ya kuhesabiwa. Hatuwezi kuwagawa waombaji kwa kurusha sarafu kama tunavyogawa mashamba ya majaribio ya mbolea. Idadi ile inaonyesha uhusiano, na haitoshi kuthibitisha sababu.

Igeuzwe pia upande wa pili: watu 60 kati ya 100 wasiokuwa na wakili walifika. Kwa maoni yangu jambo linalowagawa waliofika na walioshindwa ni mahali ugumu ulipo, kuliko kuwapo kwa wakili tangu siku ya kwanza. Kuchagua jina, kuchunguza tahajia, kujaza ombi la daraja moja, kuhuisha usajili, hayo mtu mwenye elimu ya sekondari anaweza kuyafanya kwa subira. Barua ya kukataliwa inayotaja vifungu, pingamizi, mkataba wa kumruhusu mwingine kutumia alama, na soko la nchi ya kigeni, hayo ni ya fundi wake. Kama ningeulizwa leo, ningesema ujira wa saa moja ulipwe mapema, wakili asome jina na orodha ya bidhaa kabla ombi halijatumwa. Ndoo moja ya asali ingezuia hasara ya kumi na mbili.

Zoezi la darasani

Kila mwanafunzi alete lebo au pakiti tano tupu kutoka nyumbani. Darasa lizipange katika zile ngazi, kuanzia jina la jumla hadi neno la kubuni, na libishane. Ubishi juu ya mpaka wa kueleza na kudokeza ni wenye manufaa, maana hata majaji hubishana hapo. Kisha zitafutwe alama ® na ™. Ya kwanza humaanisha alama imesajiliwa, na katika nchi nyingi ni kosa kuibandika juu ya alama isiyosajiliwa. Ya pili haihitaji ruhusa ya mtu, kwani ni tangazo la mwenye mali tu. Mwisho, kila kundi lichague jina la kubuni la bidhaa ya shule, iwe mboga au sabuni, liliandike kwa kila tahajia ambayo sikio laweza kuichanganya, na kundi la pili lijitahidi kulipinga.

Cheti na bahari

Cheti cha asali kilitoka. Huku Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara; Kenya huanza na miaka 10 moja kwa moja. Binti aliiandika tarehe ya kuhuisha ukutani mwa ghala kwa rangi ya mafuta.

Mwaka jana alikuja tena, safari hii bila bahasha. Hoteli mbili za Zanzibar zilikuwa zimeanza kununua asali yake, na mchukuzi mmoja alimnong'oneza kwamba ameona chupa zenye lebo kama yake katika duka la Darajani. Alitaka kujua kama cheti chake kinavuka bahari. Hakivuki. Zanzibar ina sheria yake ya mali ya viwanda ya mwaka 2008 na ofisi yake ya usajili, na alama iliyosajiliwa Bara haina nguvu kule mpaka isajiliwe kule, kama vile ya kule isivyokuwa na nguvu huku. Wafanyabiashara wengi wa nchi hii moja hawajui kwamba katika jambo hili wana madaftari mawili.

Ombi la Zanzibar analiandaa mwenyewe. Tahajia zimekwisha kuchunguzwa, safari hii ishirini na nne. Yule mama wakili ameombwa asome ukurasa mmoja tu, wenye orodha ya bidhaa, na katika rasimu niliyoonyeshwa orodha hiyo ina neno moja.